Ugonjwa wa Ensoni

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi, na kila Januari watoto wa darasa la chini hunipa kazi ileile. Nawaambia watunge sentensi kuhusu mtu wa nyumbani, na mmoja anasimama kwa ujasiri wote aliopewa na Mungu na kusema, "Baba ananyonyesha mtoto." Darasa halicheki, maana kwao hakuna cha kuchekesha. Katika Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, neno baba maana yake ni mama. Yule ambaye Waswahili wanamwita baba, sisi tunamwita tata. Basi nasimama ubaoni na kuanza kuwabadilishia watu wazazi. Nami nilibadilishiwa vivyo hivyo nilipokuwa mdogo kule Nyakoe, tena kwa kiboko, kwa hiyo siwalaumu.

Tata ninayetaka kusimulia habari zake hapa ni baba mkwe wangu. Niliolewa kwake, juu kidogo ya Kebirigo, mahali ambapo chai inaanzia nyuma ya choo na kuteremka hadi mtoni. Mama mkwe alifariki kitambo. Mume wangu anafanya kazi Nairobi, na watoto wetu wako shule za bweni. Bomani tulibaki wawili, mzee katika nyumba yake na mimi katika yangu, na katikati yetu ua na ensoni.

Ensoni wengine huitafsiri kuwa aibu, na wengine kuwa heshima. Ni vyote viwili. Ni sheria isiyoandikwa inayosema nani asimtazame nani machoni, nani asiingie kwa nani, na nani asimguse nani. Kati ya mzee na mke wa mwanawe, ensoni ni ukuta. Simpi mkono. Chakula nakiweka mezani, narudi nyuma, ndipo anavuta sahani. Sebuleni kwake naingia, lakini chumbani kwake sijawahi hata kuchungulia. Naye hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba yangu, hata siku ile mvua ya mawe ilipomkuta mlangoni pangu. Alikwenda kusimama chini ya mgomba, akapigwa na mawe huku mimi nikimtazama kupitia dirishani. Watu wa mjini wakisikia hayo husema ni mateso. Mimi nasema heshima si utumwa. Niliishi naye kwa amani kuliko wenzangu wanaokumbatiana na wakwe zao leo na kuwasengenya kesho.

Ilianza na mkono wa kulia. Akiwa ameketi tu barazani, kidole gumba kilisuguana na kidole cha shahada, kikaendelea, kikaendelea, kama mtu anayepukuchua mahindi. Majirani walimtania kwamba anapukuchua bila gunzi. Yeye mwenyewe alicheka, siku za mwanzo. Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza. Uso wake ulitulia kabisa. Nikimwamkia ananijibu, lakini usoni hakuna kinachosogea, si nyusi, si mdomo. Nilidhani amenikasirikia. Nilipekua kichwa changu usiku na mchana, nimekosa nini, chumvi, maneno, mavazi? Na kwa kuwa ni ensoni, sikuweza kumwendea na kumuuliza.

Halafu ikaja miguu. Mzee anainuka kitini, anatembea vizuri, na akifika kizingitini anasimama. Nyayo zinaganda sakafuni huku mwili wa juu ukiendelea na safari. Anabaki ameinama mbele, visigino vikichezacheza, akipiga vihatua vidogo vidogo visivyokwenda popote. Cha ajabu ni kwamba kwenye mteremko wa chai, zile ngazi alizozichimba mwenyewe ardhini alizipanda bila shida yoyote. Sakafu laini ya saruji ndiyo iliyomshinda. Binamu ya mume wangu, ambaye boma lake linapakana na letu, alisema mzee anachagua mahali pa kuugua. Hakusema kwa ubaya. Ndiye aliyekuwa akija asubuhi na jioni kumwogesha na kumvisha, kazi ambazo mimi siwezi kuzigusa. Ni mtu mwema, ila mikono yake imezoea kupakia mikungu ya ndizi kwenye malori, na alimvuta mzee kama anavyovuta mkungu.

Tulimpeleka mjini Kisii, mimi na binamu. Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana, mwenyeji wa upande wa ziwani, mpole, tena hakuwa na haraka. Alimwambia mzee agonganishe vidole, afungue na kufunga kiganja, kisha atembee. Mzee alipofika mlango wa chumba akaganda palepale, na daktari akasogea karibu kumtazama miguu kwa makini. Nilifurahi kwamba mtu mwingine ameona. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba tutafika hospitali atembee kama askari.

Daktari akauliza kama kuna mtu mwingine katika ukoo aliyewahi kutetemeka namna hiyo.

"Baba," mzee akasema. "Baba alitetemeka mpaka akakufa."

Daktari akaandika. Akauliza huyo baba alianza kutetemeka akiwa na umri gani, na kama alikuwa mlevi. Mzee akamtazama kama mtu aliyetukaniwa mzazi. Akasema baba hakuwahi kuonja pombe, baba alikuwa mtu wa kanisa, baba alimzaa yeye na dada yake na wengine waliokufa wadogo. Kalamu ya daktari ikasimama. Ilibidi niingilie, nikiwa nimetazama sakafu kwa ajili ya ensoni, nikaeleza kwamba anayesemwa ni mama. Daktari alicheka, akafuta, akaandika upya, kisha akasema kwamba mara nyingi ugonjwa huu haurithiwi, tusianze kuhesabiana. Nililishika neno hilo. Lakini mume wangu alipokuja likizo baadaye, nilijikuta nikiutazama mkono wake akikoroga chai, na nikaacha kusikia alichokuwa akinieleza.

Kisha daktari akaweka kalamu mezani na kuniambia niichukue. Nikaichukua. Akaniuliza nimefanya nini. Nikasema nimenyoosha mkono nikachukua kalamu. Akatikisa kichwa. Akasema kabla mkono haujanyooka, ubongo ulishapima umbali, ukachagua vidole, ukakadiria nguvu ya kutosha kalamu na si ya kutosha jembe, ukauambia mwili wote ukae sawa nisije nikaanguka mbele, na yote hayo bila kunibisha hodi. Ndani kabisa ya ubongo, akasema, kuna sehemu inayoandaa mambo tuliyoyazoea, kama kutembea, kugeuka kitandani, kumeza mate, kutabasamu. Sehemu hiyo inahitaji kemikali iitwayo dopamini, na kwa mzee chembe zinazoitengeneza zilikuwa zinakufa polepole. Nia anayo na nguvu anayo. Kilichopungua ni ile ruhusa ya kuanza.

Nikaelewa mara moja kwamba uso ule haukuwa na hasira nami. Tabasamu lilikuwa limekwama, kama mguu. Machozi yakanilenga, nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Daktari akaendelea. Kuna miondoko mingine, akasema, ambayo ubongo huipanga kwa kutazama, kama vile kuruka mtaro, kupanda ngazi, kukanyaga jiwe la mtoni. Hiyo haipiti mahali palepale. "Barabara kubwa imefungwa," akasema, "lakini njia ya panya iko wazi bado." Ndiyo sababu ngazi za shambani hazikumshinda. Mkimwona amekwama, akatuambia, msimvute. Mkimvuta mwili utakuja na miguu itabaki. Mwekeeni kitu mbele ya mguu akiruke, hata kama ni mstari tu sakafuni. Akatuandikia vidonge, akasisitiza vitumiwe kwa saa zilezile. Halafu akanitazama mimi na kusema kwamba kitu anachokiogopa kwa mzee wa umri huu ni kuanguka. Nyonga ya mzee ikivunjika, wengi hawainuki tena.

Mwishoni ndipo alipoutaja ugonjwa. Pakinsoni.

Njiani kurudi mzee alifumba macho. Nilidhani amechoka. Tulipofika tulimkuta dada yake, shangazi wa mume wangu, amekuja kukaa nasi baada ya kusikia habari. Nilikuwa jikoni nikiandaa chai niliposikia mzee akimweleza kwa sauti yake iliyokuwa imeanza kufifia. Daktari ameuona, alisema. Mgeni wa ziwani, hata lugha yetu haijui, lakini ameuona na kuutaja waziwazi. Ni ensoni.

Nilicheka peke yangu hadi nikashika ukuta. Pakin-soni. Kicheko hakikufika mbali, maana nilielewa wanachokifikiria wote wawili. Kwetu, ensoni ikivunjwa huleta balaa mpaka achinjwe mbuzi na watu watakaswe. Kama ugonjwa huu ni ensoni, basi kuna aliyeivunja. Na katika boma hilo zima, mtu ambaye mzee ana ensoni naye kila siku ya Mungu ni mmoja tu. Nilikuwa nimeshika sufuria yake ya chai.

Shangazi alinijia jikoni kesho yake. Hakupiga kelele, yeye si mtu wa kelele. Aliketi kwenye kigoda akachambua mboga pamoja nami, chinsaga, jani kwa jani, kisha akauliza kama mimi na kaka yake tumewahi kugusana, labda katika msongamano wa matanga, labda tukipokezana kikombe. Nikasema hapana. Akauliza tena kwa njia nyingine. Nikasema hapana tena, na safari hii sauti yangu ilipanda, kwa sababu mimi hasira zangu ziko karibu na mdomo. Nikamweleza kwamba Pakinsoni ni jina la daktari mmoja wa Kizungu wa zamani, aliyeandika habari za ugonjwa huo, halina uhusiano wowote na sisi.

"Kumbe hata Wazungu wana ensoni," shangazi akasema, akaendelea na mboga.

Nilimpigia mume wangu. Akacheka kama nilivyocheka mimi, kisha akasema nimvumilie shangazi, ni mzee. Ni rahisi kuvumilia ukiwa Nairobi. Mimi nililala na kuamka na swali moja. Mzee akianguka, nani atasemwa kuwa amemwangusha?

Na kuanguka kulikuwa kunakuja, nilikuona. Maana mzee aliamini. Zamani nilipoingia na chai aligeuza macho tu pembeni, basi. Sasa akinisikia mlangoni alitaka kugeuza mwili wote, aondoke, anipishe kabisa ili lisizidi kuharibika jambo. Na kugeuka ndiko kulikomshinda kuliko yote. Miguu ilisokotana. Mara ya kwanza alidaka ukingo wa meza. Mara nyingine aliangukia kiti, kwa bahati. Ugonjwa ulikuwa wake, lakini kwa hesabu yoyote mtu mwenye macho angesema mimi ndiye niliyekuwa nikimwangusha kila nilipoingia na kikombe. Nikaanza kuweka chai dirishani kwa nje na kukohoa, kisha nikakimbia. Nilikuwa nikisahihisha madaftari shuleni huku masikio yakiwa Kebirigo, nikisubiri simu. Simu ya mtu yeyote ikilia, niliitazama yangu.

Binamu naye aliendelea kuvuta. Nilimwambia alichosema daktari, na alikuwepo alipokisema, lakini mikono husahau. Asubuhi moja alimvuta kutoka sebuleni kuja barazani, mwili ukaja, miguu ikabaki. Mzee aliangukia mikono, akachubuka paji la uso. Binamu alitetemeka kuliko mgonjwa. Shangazi alimpangusa kaka yake damu, kisha akaniangalia mimi niliyekuwa mbali kwenye ua, nimeshika ufagio.

Siku hiyo nilirudi kutoka shule na chaki mkobani. Mzee alikuwa amelala. Nikapiga magoti nikachora mistari sakafuni, minene, ya kukata njia, kuanzia kitini pake hadi mlangoni, mmoja juu ya kizingiti chenyewe, na mingine barazani mpaka kwenye ngazi. Nilipomaliza nikarudi uani na kumwomba binamu amwamshe mzee na kumwambia atembee, asimguse, amwambie tu aruke mistari. Mzee akautazama wa kwanza. Akanyanyua mguu juu, kupita kiasi, kama mtu anayevuka mfereji, akatua. Akanyanyua wa pili. Alifika kizingitini akapita kama vile hapajawahi kuwa na mlango. Binamu alipiga makofi. Mimi nilikaa chini kwenye majani palepale.

Mzee akiwa kijana aliipanda chai ile yote kwa kamba ya katani na vigingi, na hadi leo ukisimama juu unaona miraba imenyooka. Akiwa amesimama barazani, akamwita binamu karibu na kumpa ujumbe. Binamu akaja hatua chache nilipokuwa na kunifikishia, ingawa nilikuwa nimeshausikia mwenyewe. Mzee anasema mwambie mwalimu mstari wa tatu umepinda.

Tukaishi hivyo. Kila mistari ilipofifia niliichora upya, na ule wa tatu niliupimia rula. Vidonge navyo vilisaidia, ingawa kila vilipoelekea kuisha nguvu ungemwona akipungua mbele ya macho yako. Shangazi peke yake hakuipenda chaki. Alisema mlango wa mzee wa kanisa umechorwa kama wa mganga, na wapita njia wana macho. Nikamwambia wapita njia wakija kumwinua akianguka, nitafuta.

Sisi ni Wasabato, na Ijumaa ni siku ya maandalizi. Nguo zinapigwa pasi na nyumba zinasafishwa kabla jua halijazama. Ijumaa moja nilichelewa shuleni kwa mitihani. Nilipofika giza lilikuwa linaingia na mlango wa mzee ulishafungwa. Sikujua kwamba shangazi, kwa mikono yake miwili na moyo mweupe, alikuwa amepiga deki nyumba nzima ya kaka yake kwa sabuni, akaing'arisha kwa ajili ya Sabato.

Asubuhi ya Jumamosi ilinyesha alfajiri, ikaacha. Mpango ulikuwa mzee aende kanisani, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Alikuwa na hamu nayo, aliitaja wiki nzima. Binamu alikuja mapema akamvisha suti, akamketisha, akaenda barabarani kutafuta gari. Shangazi alikuwa ametangulia. Mimi nilivaa nguo zangu za kanisani na viatu vyangu vyeupe, nikachukua chupa ya chai nimwekee dirishani kabla ya safari.

Nilipokata kona ya baraza nikamwona. Alikuwa ameinuka mwenyewe. Alikuwa kizingitini, ameinama mbele, mkono mmoja umekwaruza mwimo wa mlango bila kushika kitu, na sakafu nyuma yake inang'aa, haina hata mstari mmoja. Baraza lilikuwa limelowa. Chini yake ngazi za saruji, na chini ya ngazi mawe ya kuzuia maji ya mvua. Visigino vyake vilishanyanyuka. Vihatua vile vidogo vilishaanza, vikipiga haraka, haraka zaidi, na kifua kilizidi kwenda mbele.

Nilimwita binamu kwa nguvu. Hakuna aliyeitika. Majirani wote walikuwa kanisani, hata mbwa alikuwa ameondoka. Chaki ilikuwa mkobani nyumbani kwangu, ng'ambo ya ua. Bakora yake ilikuwa nyuma yake, imeegemea kiti. Kama ningeenda popote ningerudi nimkute juu ya mawe. Na kama ningemshika, nilijua atakachofanya. Angejitupa nyuma anikwepe, na nyuma kulikuwa na saruji tupu iliyong'arishwa. Nilipanda barazani nikasimama mbele yake, na nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo hata nikijifungua.

Ndipo nikaona kiatu changu. Cheupe, juu ya saruji nyeusi iliyolowa.

Nikaweka mguu wangu mbele ya vidole vyake, umelala kwa upana, nikaukandamiza hapo. "Tata," nikasema, "ruka."

Kwetu mtu haruki mguu wa mtu. Hata mtoto akiruka miguu ya mwenzake iliyonyooshwa anaambiwa arudi aruke kinyume. Na huu ulikuwa mguu wa mke wa mwanawe. Mzee alikitazama kiatu. Uso haukusema kitu, haukuwa na uwezo wa kusema, lakini midomo ilisogea na sauti ikatoka kama mnong'ono.

"Ensoni," akasema.

"Tata, ensoni ikivunjika kuna kutakaswa," nikasema. "Nyonga ikivunjika hakuna."

Nilimtazama machoni nilipolisema hilo. Miaka yote sikuwahi. Macho yake yalikuwa ya kahawia na yameogopa sana, zaidi yangu. Vihatua vikapungua, vikakoma. Akarudisha macho kwenye kiatu, akakitazama kama alivyokuwa akitazama kamba yake ya katani, na mguu wa kulia ukanyanyuka. Ukapanda juu, ukavuka mguu wangu, ukatua upande wa pili. Wa kushoto ukafuata. Huo haukupanda vya kutosha. Soli yake ilikwaruza kiatu changu, akayumba, na mkono wake ukanidondokea begani.

Sikusogea. Sikumshika. Nilisimama kama nguzo ya boma naye akakaza vidole, na ule mtetemo ambao kwa miaka mingi niliutazama kwa mbali ukaingia kwenye bega langu na kushuka hadi tumboni. Ulikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. Ndiyo mara ya kwanza nilielewa kwamba mtu huyu hapumziki, hata akiwa ameketi. Barazani nilimwekea kiatu tena. Ngazi, kama daktari alivyosema, hazikumshinda. Tuliteremka moja moja, mimi nikienda kinyumenyume, yeye akinishika. Kiti chake cha jua kilikuwa uani. Akaketi, akaachia bega. Chupa ya chai niliyoiangusha ilikuwa imebingirika hadi kwenye majani. Nilikwenda kuiokota na nikakaa huko nimeinama zaidi ya ilivyohitajika.

Gari lilikuja na binamu, na shangazi ndani yake. Alikuwa amerudi kuona kwa nini tumechelewa. Alishuka, akamwona kaka yake ameketi uani ndani ya suti, na akatazama juu kwenye mlango uliokuwa wazi, na sakafu yake safi. Nadhani aliitafuta mistari. Nadhani hapo ndipo alipojua alichokifanya. Akatazama ngazi zilizolowa, kisha binamu, ambaye alikuwa pamoja naye garini.

"Nani amekushusha?" akamuuliza kaka yake.

Nilikuwa nimesimama karibu na mgomba. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kwa mbuzi wa kunitakasa, hata kwa maneno. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Baba," mzee akasema.

Mama yao alikuwa amekufa miaka mingi, akitetemeka vilevile, katika boma lilelile. Nilimwona akiweka mkono kifuani, nikafikiri anahofia kwamba akili ya kaka yake sasa imeanza kuondoka pamoja na miguu. Kisha macho yake yakaja kwangu taratibu, yakashuka kwenye gauni, yakafika chini. Kwenye kiatu changu cha kulia kulikuwa na alama ya matope, imekatiza weupe kutoka ukingo hadi ukingo, pale soli ya mzee ilipokwaruza. Aliitazama, akaelewa ni mama yupi aliyesemwa. Halafu akamwambia binamu amsaidie mzee kuingia garini, asimvute.

Hakuna mbuzi aliyetajwa. Wiki hiyo binamu alileta rangi nyeupe ya mafuta, na shangazi mwenyewe akashika rula.

Hatujawahi kulizungumzia, mimi na mzee. Ensoni ilirudi mahali pake jioni ileile. Simpi mkono. Chai naiweka mezani na narudi nyuma, naye hageuki tena kunikimbia. Ugonjwa haujasimama, na vidonge vinafanya kazi kwa muda mfupi zaidi kuliko zamani. Kuna asubuhi ambapo mistari haitoshi, na roho yangu bado inaruka nikisikia kiti kikisukumwa. Siku hizi navaa raba nyeupe bomani kila siku, hata kwenye matope ya masika, na majirani wanasema mwalimu ana maringo. Waseme. Mzee kabla hajajaribu kuinuka, hutazama kwanza miguu yangu iko wapi.